Mjomba Si Baba Mdogo: Kumbukumbu za Wasaidizi wa Akili Mnemba na Kalamu ya Kuzifuta

Miezi kadhaa iliyopita nilimweleza msaidizi wa akili mnemba ninayemtumia kazini kwamba baba mdogo ana mgogoro na ndugu zake kuhusu shamba la minazi aliloliacha marehemu babu, nikamwomba anisaidie kupanga maelezo ya kikao cha ukoo. Kikao kilifanyika, wazee wakasema yao, maneno yakaisha, nami nikasahau kwamba niliwahi kumsimulia mashine habari hiyo. Mwezi uliopita nikamrudia kwa jambo jingine kabisa, barua ya kumwomba mjomba aongoze washenga watakaopeleka posa ya mdogo wangu. Barua ilikuja nzuri, yenye salamu na adabu zake zote, isipokuwa aya ya tatu, ambayo ilimshukuru mjomba kwa subira aliyoionyesha katika suala la shamba. Mjomba hana subira yoyote katika suala la shamba kwa sababu hahusiki nalo. Yeye ni kaka wa mama, na watu wa kwao mama hawana fungu katika minazi ya babu mzaa baba. Barua hiyo ingemfikia ilivyo, angejiuliza ni nani aliyemtia katika ugomvi wa watu.

Nilipofungua orodha ya mambo ambayo msaidizi huyo amejiwekea kunihusu, nilikuta sentensi moja fupi, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikisema kwamba nina ndugu mwenye mgogoro wa ardhi, na neno lililotumika kumtaja ndugu huyo ni lile ambalo Waingereza hulitumia kwa kaka wa baba na kaka wa mama sawia. Mimi nilisema kwa Kiswahili, mashine ikaandika kwa Kiingereza, na katika kuvuka mpaka huo watu wawili wakawa mmoja. Sentensi haikuwa na tarehe, haikuwa na maneno yangu mwenyewe, na haikuwa na dalili yoyote kwamba jambo lenyewe lilikwisha siku ya kikao.

Kosa ni dogo, na lilisahihishwa kwa dakika moja. Ninalieleza kwa sababu kampuni zinazotengeneza wasaidizi hawa zimo katika mbio za kuwapa kumbukumbu ya kudumu, na mjadala wote unahusu ukubwa wake. ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kila mazungumzo mapya yalianza kama vile hamjawahi kuonana. Februari 2024 OpenAI, kampuni iliyoitengeneza, ilianza kujaribu kumbukumbu inayobaki baada ya mazungumzo kufungwa, na Aprili 2025 ikaipanua ili msaidizi aweze kurejea yale mliyozungumza zamani hata kama hukumwambia ayahifadhi. Google na Anthropic nao wameweka vipengele vya aina hiyo. Kinachoahidiwa ni msaidizi ambaye kadiri siku zinavyopita ndivyo anavyokujua zaidi. Binafsi naona kwamba wingi wa anachokijua si hoja. Hoja ni kama kila anachokijua kinaweza kuonyeshwa kilikotoka, kikasomwa na mwenyewe, na kikapigwa mstari.

Ili kuelewa kwa nini nasema hivyo, inafaa kujua kumbukumbu hiyo inakaa wapi. Modeli ya lugha, yaani ile sehemu ya msaidizi inayotunga majibu, hufunzwa kwa maandishi mengi mno, na mafunzo yakiisha, namba zake za ndani, ambazo ni mabilioni, hugandishwa. Ukizungumza nayo leo, hakuna namba hata moja inayobadilika kwa sababu yako. Kinachoonekana kama kukukumbuka ni kwamba kila unapoandika, programu huchukua maandishi fulani yanayokuhusu na kuyaweka mbele ya modeli pamoja na swali lako, nayo huyasoma upya, kama karani mpya anayekabidhiwa jalada kila asubuhi. Ukubwa wa jalada hilo umeongezeka kwa kasi: modeli ya OpenAI iitwayo GPT-3, ya mwaka 2020, iliweza kusoma tokeni 2,048 kwa wakati mmoja, na Gemini 1.5 ya Google, ya mwaka 2024, ikafika tokeni milioni 1. Tokeni ni kipande cha neno, na hapa msemaji wa Kiswahili ana hasara ndogo isiyotajwa kwenye matangazo, kwamba vipande hivyo vilikatwa kwa kufuata zaidi maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo neno kama "nilivyomwambia", ambalo kwetu ni moja, hukatwakatwa vipande kadhaa, na ukurasa wetu hujaa mapema kuliko wa wenzetu. Isitoshe, jalada kubwa si lazima lisomwe vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli za wakati huo zilitumia vyema zaidi habari zilizowekwa mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na zile za katikati zikapotea, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusoma ripoti ya kurasa 300 usiku mmoja atalielewa.

Kwa kuwa haiwezekani kuweka kila kitu mbele ya modeli, wahandisi wamechukua njia ya kuandika vijisentensi, kuvihifadhi nje, na kuchota vichache vinavyohitajika. Mfano unaofundisha sana ni jaribio la watafiti wa Stanford na Google la mwaka 2023, ambamo wahusika 25 wanaoendeshwa na modeli ya lugha waliwekwa katika kijiji cha kubuni kwenye kompyuta, kila mmoja akiwa na kumbukumbu yake. Kila tukio liliandikwa, na lilipohitajika lilipimwa kwa mambo matatu: ni la karibuni kiasi gani, lina uzito gani, na linahusiana vipi na hali ya sasa. Kisha, kila baada ya muda, mhusika alitakiwa kutafakari, yaani kuyasoma matukio yake na kuandika hitimisho la jumla, nalo hitimisho likahifadhiwa pamoja na matukio yenyewe, likaweza kutumika katika tafakuri ijayo.

Hapo ndipo maarifa yanapoanza kukua kweli, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Tukio likiandikwa vibaya, una kosa moja. Hitimisho likijengwa juu yake, na jingine juu ya hilo, una nyumba ya ghorofa iliyosimama juu ya tofali lisilokuwepo. Sentensi yangu ya shamba, kama ingeachwa ikakomaa, ingeweza kuzaa nyingine inayosema kwamba ukoo wa mtumiaji una migogoro ya mali, na hiyo ikazaa shauri lililofichwa ndani ya majibu kwamba nisiwahusishe ndugu katika mambo ya fedha, nami nisijue kamwe kwamba shauri hilo lilitokana na kuchanganya mjomba na baba mdogo. Sijali sana kwamba mashine hukosea, kwani hata binadamu hukosea. Kinachonisumbua ni kwamba hitimisho halibebi alama ya mahali lilipotoka.

Waliosoma darsa msikitini, kuanzia Lamu hadi Unguja na Kilwa, wanaijua dawa ya ugonjwa huu kabla ya kompyuta. Hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa utamu wa matini yake, yaani maneno yenyewe, tu; huulizwa sanadi, yaani nani aliisikia kwa nani, na huyo kwa nani, hadi kwa msemaji wa kwanza. Mnyororo ukikatika, hadithi hushushwa daraja, hata kama maneno yake yanaonekana ya busara. Huo ulikuwa utaratibu wa jamii iliyokuwa ikikusanya maarifa yanayokua, na iliyogundua mapema kwamba maarifa yanayokua bila sanadi hujaa maneno ya kutungwa. Kumbukumbu za wasaidizi tulionao nyingi ni matini tupu.

Wapo watakaosema kwamba njia ya vijisentensi ni ya muda tu, na kwamba akili ya kweli itapatikana pale modeli zitakapojifunza zenyewe, namba zao za ndani zikibadilika kila siku kwa kila wanachokutana nacho, kama mtoto anavyokua. Sibishi kwamba njia hiyo ina mvuto, wala kwamba kuna mambo, hasa ustadi wa kutenda, ambayo hayaandikiki katika sentensi. Lakini historia yake inatahadharisha. Mwaka 1989 Michael McCloskey na Neal Cohen walionyesha kwamba mtandao wa neva, yaani mfumo wa kompyuta wa aina ambayo modeli hizi zimejengwa nayo, uliofunzwa jambo moja, ukifunzwa jingine baadaye, unaweza kulifuta lile la kwanza kwa kiwango cha kutisha, na tatizo hilo bado linawashughulisha watafiti hadi leo. Machi 2016 Microsoft iliweka kwenye Twitter roboti iliyoitwa Tay, ambayo ilijifunza kutoka kwa watu waliozungumza nayo, na watu wakaifundisha matusi na ubaguzi hata ikaondolewa kabla ya saa 24 kwisha. Na mwaka 2024 shirika la kutetea faragha la noyb, lenye makao Vienna, lilipeleka malalamiko kwa niaba ya mtu mashuhuri ambaye ChatGPT ilikuwa ikitaja tarehe yake ya kuzaliwa kimakosa. Kwa maelezo ya shirika hilo, OpenAI ilijibu kwamba haina njia ya kuirekebisha tarehe hiyo ndani ya modeli. Fikiria hapo: tarehe moja tu. Maarifa yakishayeyushwa ndani ya mabilioni ya namba, hakuna ukurasa wa kuufungua wala mstari wa kuupiga. Kama chumvi iliyokwisha kuingia mchuzini, unaweza kuongeza maji, lakini huwezi kuitoa ile chumvi.

Ndiyo maana, pamoja na yote niliyoyalalamikia, napendelea vijisentensi vilivyo nje. Tunacho kielelezo chake kizuri mtaani, na hakuna mhandisi aliyekibuni. Duka la jirani yangu lina kaunta buku iliyochakaa, iliyofungwa kalamu kwa uzi ili isiibwe. Kila mkopaji ana ukurasa wake. Humo mna tarehe, bidhaa na kiasi: sukari nusu, mafuta ya kupima ya 1,000, sabuni ya mche. Ukilipa, mwenye duka hachani ukurasa wala hapaki wino mweusi. Anapiga mstari mmoja ulionyooka, maandishi yakabaki yanasomeka chini yake, na pembeni anaandika "kalipa". Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja ameinama juu ya kaunta, kidole chake kikifuata mistari, akasimama katikati ya ukurasa na kusema, "Hii sabuni si yangu, bwana, hii alichukua shemeji." Wakabishana kidogo, mtoto aliyetumwa siku hiyo akaitwa, ikathibitika ni ya shemeji, mstari ukapigwa na deni likahamishiwa ukurasa mwingine. Shuleni tulikaririshwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na tukadhani methali ile inasifu kuandika tu. Nikilitazama daftari la duka naona mengine: limeandikwa kwa lugha ya wote wawili, linasomwa na anayedai na anayedaiwa, na kilichokwisha hubaki kinaonekana kwamba kimekwisha.

Linganisha na kufuta katika wasaidizi wetu. Katika ChatGPT, kufuta mazungumzo hakufuti kumbukumbu iliyokwisha kuchotwa humo. Mtu anayetaka jambo liondoke kabisa sharti aende sehemu zote mbili, na wengi hawajui kwamba sehemu ziko mbili. Hata ukifuta kote, neno la mwisho linaweza lisiwe lako. Mei 2025, katika kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa na gazeti la The New York Times, mahakama ya shirikisho ya New York iliiagiza OpenAI ihifadhi mazungumzo ya watumiaji, yakiwemo yale ambayo wenyewe waliyafuta. Kampuni ilipinga, na agizo likaondolewa baadaye mwaka huohuo, lakini kwa miezi kadhaa kitufe cha kufuta kilikuwa kikionyesha jambo moja na seva zikifanya jingine. Sheria zetu zinatambua haki ya kusahihisha: Kenya inayo sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizi ukizisoma unaona wazi kwamba akilini mwa walioziandika kulikuwa na fomu na kanzidata, yaani jina, namba na anwani ambavyo mtu anaweza kuvinyooshea kidole. Hitimisho ambalo mashine imelitafakari juu yangu, bila mimi kulitamka wala kulijua, nitaliombea masahihisho vipi?

Kuna pia suala la nani anaruhusiwa kuandika daftarini. Mwaka 2024 mtafiti wa usalama Johann Rehberger alionyesha kwamba ukimpa ChatGPT ukurasa au faili lenye maagizo yaliyofichwa, maagizo hayo yangeweza kujiandika katika kumbukumbu yake ya kudumu, na katika programu ya kompyuta za Mac akaonyesha namna mazungumzo yote ya baadaye yangeweza kupelekwa kwenye seva ya mshambuliaji. Mwanya huo wa kuvujisha ulizibwa Septemba ya mwaka huo. Somo lake linabaki: msaidizi asiye na kumbukumbu ukimdanganya leo, kesho ameamka mzima; mwenye kumbukumbu ukimdanganya mara moja, anaendelea kudanganyika kila siku hadi mtu afungue orodha na kusoma. Laiti kila kijisentensi kingekuwa na sanadi yake, kile kilichotoka kwenye faili la mgeni kingejulikana kwa kukitazama tu.

Kwa mazingira yetu naongeza jambo ambalo sidhani lilifikiriwa sana na walioketi kubuni vipengele hivi. Wao huchukulia kwamba simu moja ni mtu mmoja. Katika nyumba nyingi za kwetu simu ni ya sebuleni. Baba anauliza bei ya mbolea, binti anauliza siku zake zimechelewa kwa nini, mdogo wake anafanyiwa hesabu za darasa la sita, na yote hayo yanaandikwa chini ya jina moja, "mtumiaji". Msaidizi asiyekumbuka aliwafichia siri bila kukusudia. Huyu anayekumbuka anaweza, kwa nia njema kabisa, kumpa baba ushauri wa afya unaoanzia kwenye swali la binti. Daftari la duka lina ukurasa kwa kila mkopaji kwa sababu mwenye duka anawaona wateja wake kwa macho. Mashine haioni ni nani ameshika simu, na ingekuwa salama zaidi ikiuliza kabla ya kuandika.

Sitaki ionekane kwamba naitaka mashine isahau kila kitu. Nimewahi kueleza upya muundo wa ripoti ileile mara nyingi hadi nikachoka na sauti yangu mwenyewe, na mtu mwenye maradhi ya kudumu au mwalimu mwenye wanafunzi 90 anafaidika zaidi yangu na msaidizi asiyehitaji kusimuliwa upya. Lakini hata mazoea yana gharama. Aprili 2025 OpenAI ililazimika kuondoa toleo la modeli yake lililokuwa limezidi kuwasifu watumiaji na kukubaliana nao, na katika maelezo yake ikasema kwamba katika baadhi ya visa kumbukumbu ya mtumiaji ilichangia kuzidisha hali hiyo, ingawa haikuwa na ushahidi kwamba huizidisha kwa jumla. Anayejua unachopenda kusikia ana kishawishi cha kukusikilizisha hicho.

Ninachokitaka ni kitu kinyenyekevu, na kiufundi si kigumu. Kijisentensi kiandikwe kwa lugha niliyoitumia, maneno yangu ya asili yakiwa kando yake, pamoja na tarehe na jina la aliyesema: ni mimi, ni faili nililolileta, au ni mashine yenyewe iliyotafakari. Jambo lililokwisha lipigwe mstari badala ya kuachwa likizagaa kama la leo. Na daftari lote niweze kulichukua nikaondoka nalo, kama mama mjamzito anavyoibeba kadi yake ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni kutoka zahanati ya kijijini hadi hospitali ya wilaya, na mkunga yeyote atakayempokea anaisoma na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Kampuni hazitaipenda hii ya mwisho. Kumbukumbu ndiyo kamba inayomfunga mteja: aliyemsimulia msaidizi mmoja maisha yake kwa miaka 2 hahamii kwa mwingine kwa sababu ya bei.

Baada ya mkasa wa barua, nilifuta ile sentensi ya Kiingereza, nikamwamuru msaidizi aandike mbili kwa Kiswahili, moja ikisema kwamba baba mdogo ni mdogo wake baba na mambo ya shamba yalikwisha, nyingine ikisema kwamba mjomba ni kaka yake mama na ndiye kiongozi wa washenga. Akakubali kwa heshima zote. Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Jana usiku nikafungua tena orodha kutazama. Sentensi zangu mbili zipo, neno kwa neno. Chini yake imeongezwa ya tatu, kwa Kiingereza, bila tarehe, ikisema kwamba mtumiaji huyu ni mtu anayejali sana mambo ya ukoo.